Pua Iliyokandwa

Mwaka ule nilichoka. Sisemi uchovu wa siku moja, ule unaolala nao ukaamka umekwisha. Nilichoka jua, nilichoka kofia, nilichoka kujipaka mafuta ya kuzuia jua kila kengele ya mapumziko inapolia, nilichoka hata kuulizwa nimeamkaje. Nimezaliwa na ualbino katika nchi ambayo mawingu ni wageni, na nimefundisha shule ya msingi Ihumwa muda mrefu kiasi kwamba wazazi wengine wa wanafunzi wangu niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anatarajiwa awe na subira. Mimi sina, na wanaonifahamu hawashangai nikisema hivyo.

Kidonda kilianza pembeni mwa tundu la kushoto la pua. Hakikuwa kidonda hasa. Kilikuwa kidoa chekundu, kikavu kwa juu. Nikikigusa na taulo kinatoa damu kidogo, kinajifunga, halafu kinarudi palepale. Sisi wenye ngozi hii tunajifunza kuisoma mapema. Nilishachomwa vidoa mikononi na shingoni kwa ile gesi ya baridi mara nyingi, nikarudi nyumbani kupika kama kawaida. Lakini mkono ni mkono. Shule zilipofungwa nilikwenda hospitali nikiwa nimeshajiandaa kusikia nisichokipenda.

Daktari wa ngozi alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini, mtu wa kuangalia kwanza ndipo aseme. Alikata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Majibu yalipotoka, alivuta kiti akaja kukaa mbele yangu badala ya kukaa nyuma ya meza yake, nikajua.

"Ni kansa, mwalimu," alisema. "Lakini ni ile inayokwenda polepole. Ninachotaka kujua sasa ni imeshuka chini kiasi gani."

Alinieleza bila haraka. Kama bado ilikuwa juu juu, ingeweza kutibiwa kwa mwanga. Unapakwa krimu, krimu inaingia kwenye sehemu yenye ugonjwa, halafu unamulikwa kwa taa nyekundu, na pale krimu, mwanga na damu vinapokutana, ugonjwa unakufa. Kama imeshuka, mwanga hauifikii, na hapo ni kisu. Kisu kikipita pembeni mwa tundu la pua kinaondoka na ukingo wake, pengine na zaidi ya ukingo.

"Watakushonea nyama kutoka kwenye paji la uso," alisema. "Ila sitakudanganya kwamba itakuwa pua ileile."

Pua yangu si ya kujivunia. Ni fupi, imebabuka, na miwani imeshaichimba pande zote mbili. Lakini mtu ambaye maisha yake yote ametazamwa kabla hajafungua mdomo anajua thamani ya pua nzima. Kila Januari watoto wapya hunishangaa wiki ya kwanza, wiki ya pili wanazoea, ya tatu wananiogopa kwa sababu za haki kabisa. Nilijiona nikianza tena mwanzo, safari hii nikiwa na uso wenye pengo. Nilitaka kubaki na pua yangu. Mwaka ule sikutaka kitu kingine.

Mashine ya kuangalia mishipa ya damu ilikuwa katika chumba kidogo mwisho wa korido, chenye mapazia mazito na kiti cha kulalia kama cha daktari wa meno. Haikuwa na muda mrefu pale hospitalini, na wahudumu waliifunika kwa shuka jeupe kila walipomaliza kuitumia. Haina sindano wala haichomi. Ina kioo kidogo kinachoegeshwa juu ya ngozi, kinapeleka ndani mwanga ambao jicho haliuoni, mwanga unarudi, na kwa kufuata kile kinachotembea humo ndani, yaani damu, mashine inachora mishipa.

Macho yangu ni mabovu, kwa hiyo ilibidi nisogee mpaka karibu niibusu ile skrini. Daktari alinikuzia picha. Kwanza alinionyesha upande wa kulia wa pua, ulio mzima. Mishipa ilikuwa myembamba, imetandaa kwa utaratibu, kama mizizi ya mche wa uwele ukiung'oa taratibu kwenye udongo wenye unyevu. Halafu akanionyesha kushoto. Pale ilikuwa imejikunja, imesongamana, mingine minene na mingine inaishia hewani bila kwenda popote.

"Ugonjwa unataka damu," alisema. "Kwa hiyo unajivutia mishipa yake wenyewe, bila mpangilio. Nikifuata hiyo mishipa najua ugonjwa umeishia wapi."

Kwa macho kidoa kilikuwa kama punje ya dengu. Kwa mashine kilikuwa kimejipenyeza kuelekea shavuni, chini ya ngozi iliyoonekana haina neno. Alichukua kalamu ya wino wa zambarau akachora mpaka wake, mpana kuliko nilivyodhani, na akapima kina chake mara kadhaa kabla hajasema kwamba haijashuka sana. Tutajaribu mwanga, alisema. Sikuruka kwa furaha. Nilimuuliza kama ningeweza kujinyoosha kidogo pale kwenye kiti, na akaniruhusu.

Siku ya taa walinipaka krimu, wakanifunika pua kwa karatasi ya alumini na bandeji, wakaniweka kwenye chumba cha giza kwa saa kadhaa ili dawa iingie. Muuguzi mmoja mwanamume, mwenye mwili mkubwa na viatu vinavyolia, alikuwa akichungulia kuuliza kama nimelala. Nisingeweza kulala na watu wa viatu hivyo. Baadaye wakanivua bandeji, wakanifunga miwani ya giza, wakawasha taa.

Niliwahi kusikia watu wakisema ni joto kidogo tu. Hao walikuwa wanazungumzia pua za wenzao. Ilikuwa kama mtu amepaka pilipili kwenye mchubuko halafu anaupepea. Nilishika mikono ya kile kiti nikaanza kukariri jedwali la kuzidisha kwa sauti, la saba, la nane, la tisa, na yule muuguzi akawa ananiitikia mwishoni mwa kila mstari kama mtoto wa darasa la tatu. Katikati daktari alizima taa. Nilidhani imekwisha. Kumbe alitaka kuegesha kile kioo aangalie mishipa.

"Mwanga unatumia hewa iliyomo kwenye damu," alisema. "Hewa ikiisha tunamulika bure. Tusubiri damu irudi."

Nilimwambia kwamba ningeulizwa mimi, hiyo damu ingeachwa iende zake. Hakucheka, ila nilimsikia muuguzi akikohoa. Tulisubiri, mishipa ikajaa tena kwenye picha, taa ikawashwa, nikaanza upya kwenye la saba. Wiki iliyofuata walirudia yote tangu mwanzo.

Binti yangu yuko chuoni Mwanza na mimi naishi peke yangu Miyuji, kwa hiyo mama alikuja kutoka Kongwa kuniuguza. Mama yangu ni mkulima wa karanga na uwele, amezaa watoto wengi na mimi peke yangu ndiye niliyetoka na ngozi hii. Alishuka na unga wa uwele, mlenda mkavu kwenye mfuko, na khanga mbili za kubadilisha. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akaitikia, akaweka mzigo chini, akaniinua kidevu kwa kidole kimoja. Uso wangu ulikuwa umevimba na pua imefanya gaga.

"Wamekuchoma," alisema.

"Wamenimulika, mama."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa taa."

Alifikiri. "Jua limekuumiza miaka yote," alisema, "halafu wanakutibu kwa taa."

Nilianza kumweleza habari za krimu na mishipa, nikaishia njiani. Nilikuwa nimeshafundisha watoto wa watu mwaka mzima, sikuwa na nguvu za kumfundisha mama yangu. Nilimwambia tu lile lililokuwa muhimu: kwamba ikishindikana kwa taa, huenda wakaikata. Aliingia jikoni kutafuta sufuria.

Kwetu mtu akitoka kwenye maumivu anakandwa. Mwanamke aliyejifungua anakandwa kwa maji ya moto mpaka alie, aliyeteguka anakandwa, aliyerudi kutoka msibani mgongo umekaza anakandwa, na mama yangu nimewahi kumkuta akimkanda mbuzi mguu. Gaga lilipodondoka na ngozi mpya ya waridi ikatokea, nilimuuliza muuguzi kama naweza sasa kuosha pua kwa maji ya vuguvugu. Akasema hakuna shida, jeraha limefunga. Nilipofikisha habari hiyo nyumbani, mama aliichukua kama ruhusa aliyokuwa anaisubiri. Kuanzia siku iliyofuata, kila asubuhi kabla sijanywa chai, alichemsha maji, akatia chumvi, akachovya kipande cha khanga kuukuu, akakikamua na kunibandika puani.

Sitasema uongo kwamba nilivumilia. Nilipenda. Nilikaa kwenye kigoda uani, kichwa nimekiegemeza magotini kwake, macho nimeyafumba kwa sababu ya mvuke, na kwa muda ule hapakuwa na mtu aliyetaka kitu kwangu. Alikuwa akibandika, akiacha kidogo, akiondoa, akichovya tena, kimya kimya. Mtu mzima wa umri wangu hapati mara nyingi nafasi ya kuwa mtoto. Niliwaonea huruma wenzangu ambao mama zao hawapo.

Siku ya kwenda kupigwa picha ya kuangalia kama ugonjwa umekufa, alinikanda kwa muda mrefu kuliko kawaida, maji ya moto zaidi, "ili uende ukiwa vizuri." Kisha akanishika kichwa akaomba. Nilipanda bajaji nikiwa na pua inayowaka na moyo mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Daktari aliegesha kioo, akatazama skrini, akakiondoa, akakisafisha, akaegesha tena. Ukifundisha unajua namna mtu anavyonyamaza akiwa ameona kosa kwenye daftari. Aliisemesha mashine ile kwa upole, kana kwamba anaibembeleza, akarudia mara ya tatu.

"Mwalimu, umeweka kitu chochote hapa? Krimu ya dukani, dawa ya majani?"

Swali lile liliniudhi. "Mimi ni mwalimu, daktari," nilisema. "Siweki majani usoni."

Wala sikuwa nimedanganya. Maji ya chumvi hayakunijia hata akilini. Hayo si dawa, ni mambo ya nyumbani, kama kupigwa mgongoni ukipaliwa.

Alinionyesha. Pale alipokuwa amechora mpaka wa zambarau, mishipa ilikuwa imejaa, imenenepa, imesongamana hivi kwamba hata mimi na macho yangu niliiona bila kukuziwa. Ngozi kwa nje ilikuwa safi, alisema, lakini ndani damu ilikuwa nyingi mno, na hakuweza kutofautisha ipi ni mishipa ya zamani iliyorudi na ipi si yenyewe. Alimwita daktari wa upasuaji, mzee mmoja mwenye mikono mikavu, akaja akatazama bila kukaa.

"Kwingine ningesubiri," alisema yule mzee. "Kwenye pua, kwa ngozi kama ya mama huyu, sipendi kusubiri."

Wakapanga siku. Ningelazwa jana yake, na asubuhi kabla ya kisu ningepigwa picha nyingine ili wajue wachore wapi mstari wa kukata. Niliitikia kila kitu. Njiani kurudi Miyuji sikulia, nilisinzia, nikapitiliza kwangu na ikabidi bajaji igeuze.

Kungoja kukatwa pua ni kazi, na inachosha kuliko kazi nyingine. Nilikwenda shule kwa sababu nyumbani kulikuwa na kioo. Walimu wenzangu walinisalimia kwa sauti za msibani, mmoja akaniambia siku hizi madaktari wanatengeneza pua nzuri kuliko za kuzaliwa nazo, nikamjibu aanze yeye. Nilikuwa na hasira na ile taa, na krimu, na daktari wa sauti ya chini aliyenipa matumaini. Nilikuwa na hasira na Mungu pia, lakini hiyo si mara ya kwanza, tumezoeana. Mama hakusema mengi. Alipika, akafua, na asubuhi alinikanda, muda mrefu zaidi na zaidi, mpaka nikawa nachelewa kengele. Sikumzuia. Nilifikiri, acha aishike wakati bado ipo.

Nililazwa peke yangu. Wodini hakuna nafasi ya ndugu kulala, kwa hiyo mama alibaki nyumbani akaambiwa aje asubuhi kabla sijaingizwa chumba cha upasuaji. Nilinawa uso kwa maji ya bomba, baridi, nikavaa lile gauni la kufungwa nyuma ambalo halijawahi kumheshimu mtu, na muuguzi wa viatu vinavyolia akanisindikiza mpaka kwenye mashine.

Daktari aliegesha kioo. Akanyamaza ule unyamavu wake. Safari hii nilisema mwenyewe, "Imezidi?"

"Hapana," alisema. "Haipo."

Alinikuzia. Mishipa ilikuwa myembamba na michache, imetandaa vizuri, karibu sawa na ya upande wa kulia. Ile iliyojikunja sikuiona. Lakini daktari hakuwa na uso wa furaha, na mimi nilijikaza nisiwe nao.

"Sielewi," alisema. "Siku ile mashine iliniambia hivi, leo inaniambia vile. Siwezi kumkata mtu pua kwa picha zinazopingana, na siwezi kumwacha pia."

"Basi mkishaelewana na mashine yenu mniambie," nilisema. Nilikuwa sijala tangu jana na ulimi wangu haujawahi kungoja ruhusa.

Akasema atampigia simu yule mzee wa upasuaji, pengine waahirishe, pengine wachukue kinyama kingine, ingawa pale hapakuwa na nyama ya kuchezea. Alikuwa bado ameshika simu mlango ulipofunguka. Mama aliingia akiwa amebeba chupa ya chai kifuani, na nyuma yake muuguzi akimwomba asubiri nje.

"Shikamoo mama," daktari alisema.

"Marahaba mwanangu. Hamjaanza?" Alikuwa anahema. "Huyu wa bajaji amenizungusha. Ngoja nimkande kwanza, halafu mumchukue."

Alikuwa ameshafungua fundo la khanga yake na kutoa kile kitambaa, na chumvi kwenye kipande cha nailoni. Chupa haikuwa na chai. Ilikuwa na maji ya moto.

"Unamkanda wapi, mama?" daktari aliuliza.

"Pua."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipofunga. Kila siku. Hata ile siku mliyompiga picha nilimkanda vizuri kabisa kabla hajatoka."

Muuguzi alitazama dari. Nilisikia masikio yangu yakipata moto, na kwa ngozi yangu jambo hilo halifichiki. Daktari aliweka simu mezani, akavuta kiti, akakaa. Sijui kama alitaka kucheka au kulia. Mimi nilitaka vyote.

"Mama," alisema, "naomba umkande. Hapahapa. Kama unavyomkanda nyumbani."

Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alimimina maji kwenye bakuli la chuma alilopewa, akatia chumvi, akachovya, akakamua, akanibandika. Alinikanda mbele yao kama anavyofanya siku zote, bila kuharakishwa na mtu. Kisha daktari akamwomba anikande na upande wa kulia, ule ambao haujawahi kuugua. Mama aliona ni jambo la ajabu lakini akafanya.

Kioo kikaegeshwa. Kushoto mishipa ilikuwa imefunguka yote, minene, imesongamana, ileile ya siku ile. Kulia nako ilikuwa hivyohivyo. Daktari aliweka picha zote pamoja kwenye skrini, za kabla ya maji na za baada ya maji, akazitazama kwa muda.

"Joto linafungua mishipa," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemesha. "Ya mtu yeyote. Hata yangu." Halafu akanigeukia. "Mwalimu, siku ile nilisoma maji ya mama yako."

Yule mzee wa upasuaji alikuja, akaonyeshwa, akamtazama mama na chupa yake. Alisema kwamba kwa siku ile hakati kitu. Daktari hakuniambia nimepona. Aliniambia hakuna cha kukata, kwamba ugonjwa kwa picha ile umekufa, na kwamba nirudi kupigwa picha nyingine baada ya miezi michache na nyingine tena baada ya hapo, na asubuhi ya siku hizo nisiguswe pua na maji ya moto, wala kitambaa, wala mkono wa mtu. Alisema hayo akimtazama mama, kwa adabu. Mama aliitikia kila neno.

Nilivaa nguo zangu. Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi upande wa jengo wenye kivuli kungoja bajaji, na mama akaanza kufunga mfuniko wa chupa ambao ulikuwa umeshafungwa. Nilidhani ningefurahi. Badala yake ndani yangu kulikuwa na hasira iliyokuwa imekaa pale wiki zote ikitafuta mwenyewe. Ikampata aliye karibu.

"Mama," nilisema, "ungenikatisha pua."

Aliendelea kukaza mfuniko.

"Wangeikata. Nzima, haina ugonjwa. Kwa sababu ya maji yako ya chumvi. Ulifikiri kansa inakandwa?"

Ni mwanamke mzee, mikono yake imepinda kwa jembe, na sikuwahi kumsemesha hivyo tangu nizaliwe. Nilishaanza kujuta kabla sijamaliza, lakini nilimaliza.

"Sikukukanda ili upone," alisema.

Nilimtazama.

"Kidonda cha hospitali kinapona hospitali, hilo nalijua. Ulishaniambia huenda wakaikata. Kwa hiyo nilikuwa nakufunika pua kwa kitambaa, na wewe umefumba macho, na mimi nakutazama. Kila siku nakutazama utakavyokuwa bila pua." Aliongea taratibu, Kiswahili chake cha kutafuta maneno. "Ulipozaliwa nilishtuka. Sikuwahi kuona mtoto wa hivyo. Ulikuwa mchanga, lakini ulinitazama, na mimi nilikuwa nimeshtuka. Sikutaka unione hivyo mara ya pili. Kwa hiyo nilikuwa najizoeza."

Bajaji ilikuja ikasimama mbele yetu, na hakuna aliyeinuka. Hasira yote ilinitoka, ikaniacha mtupu na mwenye usingizi. Nilimuuliza kama alikuwa ameshazoea.

Alinitazama pua kwa muda.

"Bado," alisema.